Kutoka Picha ya Maneno hadi Ilani Nyekundu: Lugha katika Historia ya Ushirikiano wa Polisi wa Mataifa

Mwezi wa Septemba mwaka 1898 Elisabeth, mke wa Kaisari wa Austria, alichomwa kifuani kwa tupa iliyonolewa alipokuwa akienda kupanda meli katika mji wa Geneva, akafa siku ile ile. Muuaji, Luigi Lucheni, alikuwa Mwitalia. Aliyeuawa alikuwa wa Austria. Ardhi ilikuwa ya Uswisi. Tendo moja likawa limegusa dola tatu, na kila dola ilikuwa na polisi wake, sheria zake na faili zake. Kabla ya miezi mitatu kupita, wajumbe wa nchi 21 walikuwa wamekutana Rome, kuanzia tarehe 24 Novemba hadi 21 Desemba, ili kutafuta njia ya kupambana na wafuasi wa siasa ya anarkia. Mabalozi walibishana sana juu ya maana ya neno hilo "anarkia", wala hawakupata mkataba wenye nguvu. Lakini wakuu wa polisi waliokuja pamoja nao walikutana kando, bila hotuba ndefu, wakapatana juu ya mambo machache: kupashana habari, na kutumia namna moja ya kumweleza mtu anayetafutwa.

Jambo hili la pili ndilo lililotuvuta sisi, tulio watu wa isimu na si wa sheria, kuandika makala haya. Historia ya ushirikiano wa polisi wa mataifa kwa kawaida husimuliwa na wanasheria, nao huisimulia kama historia ya mikataba. Yaweza pia kusimuliwa kama historia ya lugha, yaani historia ya watu waliotaka kusema jambo moja katika nchi nyingi bila maana kupotea njiani. Msomaji atatuwia radhi tukipita haraka pale ambapo mwanasheria angekaa, na kukaa pale ambapo yeye angepita.

Namna iliyokubaliwa Rome ilikuwa ya Alphonse Bertillon, karani wa polisi ya Paris. Katika miaka ya 1880 Bertillon alianza kupima miili ya wafungwa: urefu wa mtu, upana wa kichwa, urefu wa kidole cha kati, urefu wa mguu, na kadhalika, vipimo 11 kwa jumla. Vipimo hivyo vilisaidia sana kumtambua mfungwa aliyebadili jina, lakini havikumsaidia askari aliyesimama barabarani, kwa maana hawezi kumpima kila mpita njia. Kwa ajili ya askari huyo Bertillon alitunga kile alichokiita "portrait parlé", tunachoweza kukiita picha ya maneno. Paji la uso, pua, kidevu, midomo, na hasa sikio, vilipewa msamiati maalum. Hapakuwa tena na "pua nzuri" wala "uso wa ukali". Mgongo wa pua ulikuwa umebonyea, umenyooka au umebinuka, tena kwa vipimo vya kidogo, wastani na kikubwa, na kila neno lilikuwa na kifupisho chake.

Mwanaisimu ataona mara moja kilichofanyika hapa. Bertillon aliondoa visawe. Katika lugha ya kila siku watu wawili humweleza mtu mmoja kwa maneno mbalimbali, na uzuri wa lugha umo humo; lakini katika picha ya maneno kila umbo lilikuwa na neno moja, na kila neno umbo moja. Kwa hiyo uso wa mtu ungeweza kuvunjwa vipande, kuandikwa kwa herufi chache, kupelekwa kwa telegrafu kutoka Paris hadi Saint Petersburg, na kujengwa upya huko na askari ambaye hajamwona mtu huyo hata siku moja. Sisi tunathubutu kusema kwamba enzi ya dijitali katika kazi ya polisi haikuanza na kompyuta. Ilianza siku ile mtu alipogeuzwa kuwa orodha ya alama zinazoweza kutumwa kwa waya. Alama za vidole ziliposhinda vipimo vya Bertillon mwanzoni mwa karne ya 20, ziliingia katika nyumba aliyokuwa amekwisha kuijenga yeye.

Mwezi wa Aprili 1914 wajumbe wa nchi 24, wakiwemo polisi, mahakimu na wanasheria, walikutana Monaco kwa mwaliko wa Mtawala Albert wa kwanza. Waliondoka na matakwa 12: polisi wa nchi moja waandikiane moja kwa moja na wenzao bila kupitia wizara za mambo ya nje, posta na telegrafu zitumike bila malipo, pawe na lugha moja ya mawasiliano, pawe na hazina moja ya kumbukumbu za wahalifu, na sheria za kurudishana watuhumiwa zipatanishwe. Miezi mitatu na ushee baadaye vita kuu ilianza, na matakwa hayo yakawekwa sandukuni.

Yalifunguliwa Vienna mwaka 1923 na Johannes Schober, mkuu wa polisi ya mji huo, aliyekuwa pia amekwisha kuwa waziri mkuu wa Austria. Hapo ndipo ilipozaliwa Tume ya Kimataifa ya Polisi ya Jinai. Yafaa kuangalia vizuri ilivyozaliwa: hakuna serikali iliyotia sahihi mkataba. Ilikuwa ni chama cha maofisa waliojuana na kuaminiana, waliokuwa na ofisi katika makao ya polisi ya Vienna, gazeti la kutangaza watu wanaotafutwa, na tangu 1935 mtandao wao wa redio. Wepesi huo ulikuwa nguvu yao. Barua iliyokuwa ikichukua miezi kupitia mabalozi sasa ilifika kwa siku chache. Lakini chama kisichokuwa na mkataba hakina pia mlinzi. Uongozi wake ulikuwa umefungamanishwa na polisi ya Vienna. Basi Ujerumani ilipoimeza Austria mwaka 1938, ilimeza na Tume pamoja na faili zake. Mwaka 1940 urais ulichukuliwa na Reinhard Heydrich, na ofisi zikahamishiwa Berlin, katika kitongoji cha Wannsee. Heydrich alipowaita wakuu wa serikali kwenye mkutano wa kupanga mauaji ya Wayahudi wa Ulaya, barua ya kwanza ya mwaliko, ya Novemba 1941, iliwaelekeza kwenye anwani ya ofisi hiyo ya Tume. Mkutano wenyewe ulifanyika Januari 1942 katika nyumba nyingine ya jirani, lakini anwani ile imebaki katika kumbukumbu. Orodha iliyotungwa ili kuwasaka wezi na waghushi wa fedha haina macho ya kumtambua anayeishika.

Baada ya vita, Mbelgiji Florent Louwage aliwaita wenzake Brussels mwaka 1946. Makao yakahamia Paris. Nchi yetu wakati huo ilikuwa koloni ya Ubelgiji, na aliyezungumza juu ya polisi wake katika mikutano kama hiyo ni Brussels, sitaongeza neno. Kutoka Brussels yalitoka mambo mawili yanayohusu lugha. La kwanza ni rangi: ilani zinazotumwa kwa nchi wanachama zilianza kutofautishwa kwa rangi, nyekundu ikiwa kwa mtu anayetafutwa ili akamatwe. La pili ni jina. "Interpol" lilikuwa anwani ya telegrafu tu, neno moja lililofinyangwa kwa sababu telegrafu hulipiwa kwa hesabu ya maneno. Anwani ikapendwa kuliko jina, na katiba mpya ya 1956 ikalitia rasmi: Shirika la Kimataifa la Polisi ya Jinai, Interpol.

Hapa tunaomba kusimama kidogo, kwa maana Kiswahili kimelifanyia jina hilo jambo la ajabu. Redio na magazeti yetu husema "polisi wa kimataifa". Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ajue tofauti. Katika "Shirika la Kimataifa la Polisi", kiunganishi "la" hufuata "shirika": kilicho cha kimataifa ni shirika. Katika "polisi wa kimataifa", kiunganishi "wa" hufuata "polisi": walio wa kimataifa ni askari wenyewe. Herufi moja imebadilika, na tayari tumewaumba askari ambao hawapo. Interpol haina askari mwenye mamlaka ya kumkamata mtu katika nchi yoyote. Anayekamata ni polisi wa nchi husika kwa sheria ya nchi hiyo. Makao makuu, ambayo tangu 1989 yako Lyon, hupokea, huchunguza na kusambaza habari; kila nchi mwanachama ina ofisi yake ya taifa inayoongozwa na maofisa wake yenyewe. Leo nchi hizo ni 196.

Kosa la pili ni zito zaidi. Ilani nyekundu huitwa mara nyingi "hati ya kimataifa ya kukamata". Nimewahi kuwapa wanafunzi habari ya Kifaransa yenye maneno "notice rouge" waifasiri, na karibu wote wakaandika "hati", kwa kuwa ndivyo walivyosikia redioni. "Hati" ni maandishi yenye mamlaka, huamuru. Ilani hutangaza tu. Inasema: nchi fulani inamtafuta mtu huyu, hakimu wake ametoa hati, nanyi wenzetu mkimwona mwangalieni kwa mujibu wa sheria zenu. Katika nchi nyingi ilani hiyo peke yake haitoshi kumtia mtu mahabusu. Na huyo mtu ni nani? Magazeti huandika "wahalifu wanaotafutwa". "Mhalifu" amekwisha kuhalifu. Hukumu imo ndani ya neno. Kiswahili kina neno bora, "mtuhumiwa", ambalo kiambishi chake cha kutendwa kinasema wazi kwamba tuhuma imetoka kwa mwingine na kumwangukia yeye. Kanuni ambayo wanasheria huieleza kwa kurasa nyingi, kwamba mtu hana hatia mpaka ihakikishwe, imekaa katika silabi mbili. Ni hasara kuzitupa.

Kwamba si ubishi wa maneno matupu, historia inaonyesha. Mwezi wa Machi 1950 ndege tatu za abiria za Czechoslovakia zilipotoshwa njia zikatua Erding, karibu na Munich, na baadhi ya waliokuwamo wakaomba hifadhi. Serikali ya Prague iliomba watangazwe kupitia Tume kama wahalifu wa kawaida, na wakatangazwa. J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI, aliiondoa idara yake katika Tume mwaka ule ule. Katiba ya 1956, katika kifungu chake cha 3, inakataza kabisa shirika kuingilia mambo ya kisiasa, kijeshi, kidini au ya ubaguzi wa rangi. Kifungu ni kifupi, na kila neno lake limegombaniwa tangu siku hiyo, kwa kuwa dola inayomtafuta mpinzani wake haimwandiki "mpinzani". Humwandika "mwizi wa mali ya umma".

Kompyuta ilipoingia haikuleta tatizo jipya; iliondoa muda ambao ndani yake tatizo la zamani liliweza kuonekana. Tuchukue mfano mmoja wa mwanzoni. Mwaka 1986, katika maabara ya Berkeley huko California, mtaalamu wa nyota Clifford Stoll aliagizwa kutafuta sababu ya senti 75 zilizopungua katika hesabu ya matumizi ya kompyuta. Senti hizo zilimwonyesha mgeni aliyekuwa akiingia usiku na kupekua mafaili ya jeshi. Nyayo zake zilivuka bahari hadi Ujerumani Magharibi, na huko zikafika mahali ambapo kompyuta haikuwa na msaada: ili kufuata mstari wa simu, hakimu Mjerumani alipaswa kutoa ruhusa, na fundi wa simu wa Hannover alipaswa kukagua mitambo ya zamani kwa mkono, huku mgeni akiwa bado yu katika mstari. Lakini hakuwa akikaa. Stoll na wenzake wakatunga mafaili ya uongo, marefu na yenye kutamanisha, ili mgeni akae ayasome. Akakaa. Alikuwa Markus Hess, aliyekuwa akiuza habari kwa idara ya ujasusi ya Urusi ya Kisovyeti. Mahakama ya Ujerumani ilimhukumu mwaka 1990 kifungo kilichoahirishwa. Kosa lilikuwa limetendwa kwa sekunde, na diplomasia ya kulifuata ikachukua miezi.

Miaka 14 baadaye, tarehe 4 Mei 2000, barua za kompyuta zenye kichwa cha maneno ya mapenzi zilienea duniani kwa siku moja na kuharibu mafaili ya mamilioni ya watu. Wapelelezi walifika upesi Manila, kwa kijana mmoja. Safari hii ushirikiano wa polisi haukukawia. Kilichokosekana ni sheria. Ufilipino haikuwa na sheria iliyolitaja kosa hilo, na kurudishana watuhumiwa kunadai kwamba tendo liwe kosa katika nchi zote mbili. Mashtaka yakafutwa. Hapo ndipo mataifa yalipoelewa kwamba kabla ya kubadilishana watu inawapasa kubadilishana maana. Mkataba uliotiwa sahihi Budapest tarehe 23 Novemba 2001 ulijaribu kufanya hivyo: uliorodhesha makosa kwa maneno yaliyokubaliwa, na kuitaka kila nchi iweke ofisa wa kupokea maombi saa 24, siku saba za juma. Mwaka 2003 Interpol ikafungua mtandao wake wa I-24/7, na tangu 2009 ofisi za taifa zikaweza kuandika maombi ya ilani moja kwa moja ndani ya mfumo.

Ukweli ni kwamba mambo mema mengi yametokana na wepesi huo, nasi watu wa Maziwa Makuu hatuna haki ya kuyabeza. Félicien Kabuga, aliyeshtakiwa mbele ya mahakama ya kimataifa ya Arusha kwa mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, alitafutwa kwa zaidi ya miaka 20. Alikamatwa tarehe 16 Mei 2020 katika nyumba ya ghorofa huko Asnières, karibu na Paris. Wapelelezi wa Ufaransa, Ubelgiji na Uingereza, pamoja na wale wa Umoja wa Mataifa, walikuwa wamelinganisha kumbukumbu za simu za jamaa zake wanaoishi katika nchi hizo, wakaona kwamba njia zao zinakutana kwenye nyumba moja. Kuwa ni yeye kulithibitishwa kwa vipimo vya chembe za urithi vilivyohifadhiwa Ujerumani tangu 2007. Hakuna polisi wa nchi moja ambaye angeweza kuona picha hiyo peke yake. Mwaka 2023 majaji waliamua kwamba, kwa uzee na maradhi, hawezi tena kushtakiwa. Wengi waliofiwa walilipokea hilo kwa uchungu, lakini si wapelelezi waliochelewa mwishoni.

Mwezi wa Novemba 2018 upande wa pili ulionekana Bangkok. Hakeem al-Araibi, mcheza kandanda wa Bahrain aliyepewa ukimbizi Australia mwaka uliotangulia, alishuka ndege pamoja na mkewe kwa ajili ya fungate. Jina lake lilikuwa katika ilani nyekundu. Kanuni za Interpol zenyewe hazikuruhusu ilani ya namna hiyo kwa ombi la nchi aliyoikimbia mkimbizi, na baada ya siku chache ilani ilifutwa. Yeye hakufunguliwa. Alikaa mahabusu zaidi ya siku 70, hadi Februari 2019, kwa maana ilani iliyofutwa Lyon ilikuwa imekwisha kugeuka hati mikononi mwa walioisoma. Naomba msomaji arudi kwenye yale niliyosema juu ya "hati" na "ilani", kisha aamue kama ni mchezo wa walimu wa sarufi.

Interpol haikulala. Tangu 2016 kikundi maalum hukagua ilani nyekundu kabla ya kutolewa, na tume inayopokea malalamiko ya watu binafsi ilipata kanuni mpya mwaka 2017. Walakini lugha za kazi za shirika ni nne: Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na Kiarabu. Malalamiko hayawezi kuandikwa kwa Kiswahili, ingawa mashirika mawili kati ya yale ya kanda yanayoambatana nalo, lile la Afrika Mashariki lililoundwa 1998 na lile la Kusini lililoundwa 1995, yanakusanya nchi ambazo askari wao wa mpakani huzungumza Kiswahili kila siku. Nchi yetu imo katika yote mawili. Tangu 2022 imo pia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tangu tarehe 13 Machi 2023 ina sheria yake ya mambo ya dijitali, iliyoandikwa kwa Kifaransa. Mkataba wa Malabo wa 2014, ambao ndio wa Afrika yenyewe juu ya usalama wa mitandao, ulianza kutumika Juni 2023. Maandishi yake rasmi ni ya Kiarabu, Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Ule wa Umoja wa Mataifa, uliopitishwa Desemba 2024 na kufunguliwa kwa sahihi Hanoi Oktoba 2025, umo katika lugha sita, na Kiswahili si mojawapo.

Basi afisa wa Bukavu au wa Kigoma atatafsiri mwenyewe, papo hapo, kichwani. Nitatoa mfano mmoja wa ugumu unaomngoja. Yapasa kutofautisha mambo matatu ambayo kampuni inaweza kutakiwa kufanya kuhusu data za simu au kompyuta: kampuni iziweke kwa muda fulani kwa wateja wote, kampuni isizifute zile za mtu mmoja anayechunguzwa mpaka hakimu aamue, na kampuni izikabidhi. La kwanza linamgusa kila raia, la pili linamgusa mtuhumiwa bila kumfunua bado, la tatu linamfunua. Kiswahili cha ofisi husema "kuhifadhi data" kwa la kwanza na la pili pia, na nimesikia ikisemwa hata kwa la tatu. Sisi tunapendekeza "kulimbika" kwa la kwanza, kwa kuwa maji hulimbikwa kabla ya kujua nani atayanywa; "kuzuilia" kwa la pili, kama vile mali inavyozuiliwa kesi ikiendelea; na "kukabidhi" libaki kwa la tatu, lisitumike kamwe bila kutaja jina la hakimu aliyeamuru.